Programu Isiyouzwa

Mchana naandika programu za watu: ankara, stoo, mishahara. Hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Usiku, watoto wakishalala, naandika za kwangu, ambazo hakuna anayenilipa hata senti. Wenzangu kazini huniuliza napata nini. Nami huwaeleza habari za kikoba.

Nilipochaguliwa kuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, nilikabidhiwa daftari kubwa na sanduku. Lakini siku hizi wanachama wengi hawaji na fedha mkononi, wanatuma kwa simu. Huyu anatumia M-Pesa, yule Airtel Money, na kila mtandao una namna yake ya kuandika ujumbe wa muamala. Kabla ya kikao ilinibidi nisome ujumbe mmoja mmoja na kunakili: nani kanunua hisa, nani kalipa rejesho, nani kachangia mfuko wa jamii. Kazi ya karani, tena karani mwenye usingizi.

Basi nikaandika programu kwa Python. Nauhamishia ujumbe kwenye laptopu, programu inachomoa namba ya muamala, kiasi, jina na namba ya simu, kisha inavitunza kwenye hifadhidata ya SQLite. Namba ya muamala ikishaingia mara moja haiingii tena, hata niuhamishe ujumbe uleule mara kumi. Namba za simu zinazoanza na 255 na zinazoanza na 0 zinageuzwa ziwe za mtindo mmoja, la sivyo mama mmoja angehesabiwa watu wawili.

Hesabu hazikunisumbua sana. Walionisumbua ni binadamu. Mtu anatuma hisa kwa simu ya mumewe, jina linalotokea hatulijui. Mwingine anatuma shilingi 30,000, na moyoni mwake 20,000 ni rejesho la mkopo na 10,000 ni hisa. Programu itajuaje? Hapo nimekataa kabisa kuipa ujanja. Muamala wa namna hiyo inauweka kando na kuuandikia ULIZA, nami napiga simu: “Dada, hii elfu thelathini ni ya nini?” Dakika moja, yamekwisha. Kwa mteja anayelipa ningebuni kurasa tatu za kujaza kwa jambo hilohilo.

Huo ndio uhuru ninaousema. Mtumiaji ni mimi, najua panapouma, na sina bosi wa kumfurahisha. Hata Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, alipochukizwa na uchapaji wa kitabu chake mwenyewe mwaka 1977, alianza kutengeneza TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu. Wanahisabati wanaitumia hadi leo, bure.

Kila anayeiona programu yangu ananiambia niiuze. Sitaki. Ndani yake mna majina, simu na madeni ya majirani zangu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kukusanya mambo hayo ya vikundi vya watu nisiowajua ni mzigo mwingine kabisa. Halafu kuna hili: kampuni ya simu ikibadilisha mpangilio wa maneno kwenye ujumbe wake, programu inagoma. Kwangu ni kurekebisha mstari mmoja kabla ya kulala. Kwa vikundi mia, ni kupigiwa simu usiku kucha na watu wenye hasira za haki.

Na daftari halijaondoka. Katibu bado anaandika kwa kalamu mbele ya wanachama wote, kwa kuwa mtu huamini hisa yake anapoiona inaandikwa. Programu ni ya kulinganishia tu, ili jumla ya daftari na jumla ya simu zisigombane siku ya kuvunja kikoba.

Kwa hiyo haiuzwi. Mweka hazina mwenzangu anayeitaka aje na laptopu yake nimwekee, ila ajue mapema kwamba ikigoma ataitengeneza mwenyewe.