Saa za Kungoja

Nilizaliwa Rubafu mwaka 1948, katika nyumba iliyofunikwa na migomba hata jua la asubuhi lilitufikia kwa vipande, na pale kijiji kilipokoma ndipo Ziwa Victoria lilipoanzia. Saa ya kuzaliwa kwangu haikuandikwa popote, kwa kuwa aliyenipokea duniani alikuwa bibi mzaa baba, mkunga aliyeitwa usiku na mchana na majirani wa kila daraja, na bibi hakupata kumiliki saa katika aushi yake. Wakati aliupima kwa jogoo, kwa mvua, na kwa pumzi za mwanamke mwenye utungu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi aliponiamsha usiku mmoja wa masika nikamshikie taa. Kazi hiyo ilikuwa ya shangazi, walakini shangazi alikuwa amelala kwa homa, na bibi alihukumu kwamba mtoto wa kike asiyetetemeka mkono anafaa kuliko mtu mzima mwenye maneno mengi. Nyumba tuliyoingia ilikuwa imetandikwa nyasi mpya sakafuni, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, na mja mzito alikuwa amepiga magoti juu ya nyasi hizo, ameikumbatia nguzo, ilhali mama yake mzazi amemshika kiuno kwa nyuma. Nilitazamia kuona maajabu. Nilichokiona ni bibi yangu ameketi mkekani, anatafuna kahawa, hafanyi kitu. Baada ya muda mrefu alinyosha mkono, akagusa tumbo, akasema neno moja la upole, akairudia kahawa yake. Nikadhani anasinzia. Karibu na alfajiri aliinuka ghafula, akanawa, akaniamuru nisogeze taa, na mtoto akaja kabla sijamaliza kuogopa.

Ningeweza kuishia hapo, na wapenzi wa mambo ya jadi wangefurahi. Lakini bibi huyo huyo alikata vitovu kwa wembe usiochemshwa, na baadhi ya watoto aliowapokea wazima walikakamaa, wakashindwa kunyonya, wakafa kabla ya juma la pili, na kijiji kikataja husuda na mizimu kwa maradhi ambayo baadaye nilifundishwa kuyaita pepopunda. Tena mwaka 1961 mama yangu mdogo alijifungua mikononi mwake, mtoto akalia, wanawake wakapiga vigelegele, kisha kondo la nyuma likakataa kutoka. Bibi akangoja, maana kungoja ndiyo elimu aliyokuwa nayo. Damu haikungoja. Walipomlaza kwenye machela ya miti na kushika njia ya Kashozi, mvua ilikwisha kuiharibu njia hiyo, na wachukuzi walirudi kabla ya kufika nusu ya safari, wamemfunika uso.

Kwa sababu ya machela ile nikawa muuguzi.

Katika maktaba ya chuo nilikuta kitabu cha tabibu Mwingereza Grantly Dick-Read, kiitwacho Natural Childbirth, cha mwaka 1933, ambamo alidai kwamba hofu huukaza mwili, na mwili uliokazwa huzidisha maumivu. Nilicheka peke yangu. Bibi angalimweleza hayo yote kwa bei ya mkungu mmoja wa ndizi. Lakini mimi sikwenda chuoni kutafuta habari za hofu. Nilitafuta dawa ya damu, na nikaipata katika kichupa kidogo cha sindano ya ergometrini, kitu kilichopatikana katika kuvu iotayo juu ya nafaka na kutambuliwa huko London mwaka 1935. Mara ya kwanza nilipoona tumbo la mzazi likikaza kama ngumi chini ya kiganja changu, na damu ikapungua, ikakoma, nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko la hospitali.

Kuanzia mwaka 1970 nilifanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali moja ambayo sitaitaja, wala haikuwa mbaya kuliko nyingine za zamani zile. Mwenye utungu alipofika alinyolewa, akasafishwa tumbo kwa maji ya sabuni, akalazwa chali juu ya kitanda chembamba, na ndugu zake wakabaki nje ya lango na vikapu vyao. Aliyezaa kwa mara ya kwanza aliongezwa njia kwa mkasi, ahitaji asihitaji. Tulikuwa na haraka, na haraka yetu tuliiita usafi.

Mwaka 1971 alinijia mwanamke wa uzao wa nne, mpole, ambaye kila nilipomlaza aliteremka akapiga magoti sakafuni, ameshika chuma cha kitanda. Mara ya tatu nilimpiga kibao pajani. Ninaandika jambo hili kwa mkono ule ule. Nikamfukuza mama yake aliyekuwa akichungulia dirishani, nikaenda kwa mgonjwa mwingine, na niliporudi nilimkuta amejifungua peke yake, kwa magoti, mtoto amelala juu ya kanga, mzima. Hakunilaumu. Alinitazama tu kama mtu amtazamavyo mgeni asiyejua mlango wa nyumba. Usiku ule nilitambua kwamba mkao wa mwanamke yule ndio mkao nilioumulika kwa taa nilipokuwa mtoto, nami kwa miaka mitatu ya masomo nilikuwa nimejifunza, pamoja na mambo mengi ya kheri, kuuona kuwa ni utundu.

Chombo kilichonipatanisha na nafsi yangu kilikuwa karatasi. Wakunga wa leo huijua kwa jina la patografu, na wengi huijaza baada ya mtoto kuzaliwa ili msimamizi asigombe, jambo linalonikera hata sasa. Mistari yake miwili, ule wa tahadhari na ule wa kuchukua hatua, ilibuniwa na Philpott na Castle katika Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe, wakaitangaza mwaka 1972, kwa ajili ya wakunga waliokuwa peke yao mbali na daktari. Wa kwanza hupanda sentimita moja kwa saa, kwa kadiri njia ya uzazi inavyofunguka. Wa pili umechorwa saa nne kulia kwake. Kati ya mistari hiyo mna nafasi nyeupe, na nafasi hiyo, kwa mtu aliyelelewa na bibi yangu, ilikuwa na maana kubwa: hapa keti, tafuna kahawa yako, tazama, lakini ukingo huu ukiguswa, inuka. Bibi hakuwa na ukingo. Wodi yetu haikuwa na nafasi nyeupe.

Mwaka 1984 nilihamishiwa zahanati karibu na nyumbani. Mwaka uliotangulia, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa katika hospitali ya Ndolage, wilaya ya Muleba, na mkoani kwetu watu waliyaita maradhi hayo Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizovuka kutoka Uganda. Damu ya uzazi, ambayo bibi aliipokea kwa mikono mitupu maisha yake yote, ikawa kitu cha kuogopwa. Niliamrishwa kuwafundisha wakunga wa jadi, nami nikawagawia glavu, nyuzi na nyembe mpya. Mukaikuru mmoja, ndivyo tunavyowaita kwa staha wanawake wazee, alizigeuza glavu zile kwa muda, akaniuliza, “Mwanangu, hizi zitakapokwisha utanipa nyingine?” Nikamjibu kwamba serikali italeta. Kabla ya mwaka kwisha mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia wanawake waje zahanati na glavu zao.

Nilistaafu mwaka 2008. Watu hunijia kunitaka niseme kwamba zamani kulikuwa bora, au kwamba zamani kulikuwa ushenzi, na sina la kuwapa. Utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria 104, katika muda ambao wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka 63 hadi 81 kwa kila mia. Siwezi kugombana na hesabu ambayo mama yangu mdogo angalikuwa mmojawapo. Nayo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, lilitamka kwamba mwendo ulio chini ya sentimita moja kwa saa si sababu pekee ya kumharakisha mwanamke kwa dawa wala kwa kisu, na kwamba achague mkao wake na awe na mtu wake karibu. Nilipolisoma tamko hilo nilimfikiria yule wa mwaka 1971, ambaye kama yu hai sasa ni kikongwe.

Mwaka 2023 mjukuu wangu alishikwa na utungu, tukampeleka zahanati jioni. Muuguzi alikuwa binti mdogo, naye aliniruhusu kuingia bila kuombwa, akamtandikia mjukuu wangu godoro chini ili apige magoti apendavyo. Nikaketi. Nikaona kazi inakwenda polepole, polepole kama nyingi nilizoziona, na moyo wangu ukatulia. Yule binti kila baada ya muda aliandika kwenye karatasi yake, na ilipopata saa nne usiku aliichukua simu akaita gari la wagonjwa.

“Mwanangu,” nikamwambia, “mpe saa moja zaidi.”

“Bibi,” akanijibu bila kuniinulia macho, “saa hiyo nimekwisha kumpa.”

Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini gari lilipita. Mjini Bukoba daktari alimpasua, akakuta kichwa cha mtoto kimekwama kwa kuelekea vibaya, mahali ambapo kungoja kwangu kusingemtoa. Nilikaa ukumbini na kanga zake mapajani hadi waliponiletea mtoto wa kike, mwenye hasira, na kadi iliyoandikwa kwa wino wa buluu: saa 8:20 usiku.