Mpangaji na Jirani

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka kadhaa, na kila mara niliieleza kwa namna ile ile, kwamba yawaonya wenyeji wasimdekeze mgeni mvivu. Wanafunzi waliyaandika maelezo yangu, wakayakariri, wakapata alama zao. Sikujua kuwa nilikuwa nikifundisha nusu ya maana. Nusu ya pili niliipata nilipokuwa mgeni mimi mwenyewe, katika mji wa kale ulio mbali na kwetu, na bei niliyoilipa ilikuwa ni aibu.

Kwetu ni Makueni. Kijiji nilichozaliwa kimepakana na mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga mtupu. Mpita njia akiutazama husema kuwa umekufa. Sisi hatusemi hivyo. Nilipokuwa mtoto nilimwona mama akipiga magoti katikati ya mto huo, akichimbua mchanga kwa mikono na kibuyu, mpaka maji yakaanza kujikusanya polepole, safi na ya baridi. Kisima cha namna hiyo kilizungushiwa miiba ili wanyama wasikichafue, na kila aliyechota alikumbuka kumwachia mwenzake. Baadaye wazee waliitisha mwethya, ambao ni ujima wa Wakamba, wakajenga ukuta wa mawe na saruji toka ukingo hata ukingo. Mvua zilipokuja, ukuta ulizuia mchanga, nao mchanga ukazuia maji. Kuta nyingi za namna hii zimejengwa Kitui na Makueni, kwa kuwa jua kali la nchi yetu haliyafikii maji yaliyojificha baina ya chembe za mchanga. Auondoaye mchanga ameyaondoa maji. Ndiyo sababu watu wa Makueni, walipochoka kuyaona malori yakichukua mchanga wa mito kwenda kujengea miji, walitunga sheria ya kaunti ya kuuhifadhi mwaka 2015. Nakuomba msomaji uyaweke haya moyoni, maana nitayarudia.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilifundisha kwanza Kitui. Mwanzoni mwa mwaka 2022 nikapata uhamisho wa kwenda Lamu. Umri wangu ulikuwa miaka thelathini na mmoja, nami sikuwa nimeoa. Nilisafiri kwa basi kupitia Mombasa, Malindi na Garsen hata Mokowe, mahali ambapo barabara huishia baharini. Toka hapo nikavuka kwa mashua. Niliukuta mji wa nyumba za matumbawe na dari za boriti za mikoko, na vichochoro vyembamba ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Ngome yake ilianza kujengwa mwaka 1813 ikamalizika mwaka 1821. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji huo miongoni mwa urithi wa dunia.

Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya mjane mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, nami nikamwita vivyo hivyo. Yeye aliniita Mwalimu, na siku alizofurahi aliniita mwanangu. Nilikwenda huko nikijivuna kuwa mjuzi wa Kiswahili. Asubuhi ya kwanza alipaza sauti kutoka chini: "Mwalimu, ndoo!" Nikatwaa ndoo yangu ya plastiki, nikashuka nayo mbio. Bibi alinitazama, akaitazama ile ndoo, kisha akacheka hata akaketi. Katika lahaja ya Kiamu, "ndoo" maana yake ni "njoo". Alikuwa akiniita nije kunywa chai. Hiyo ndiyo lahaja waliyoitumia watunzi wengi wa tendi za kale, na tendi hizo nilikuwa nimezifundisha kwa kusoma maelezo ya chini ya ukurasa. "Si kitu," akasema Bibi, "madhali umekuja na ndoo, ijaze maji ukirudi juu." Maji yalikuwa katika birika la chokaa bafuni, na ndani yake waliogelea samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Palikuwa na kata ya kifuu cha nazi ya kuchotea, na kila mtu alichota kwa kipimo.

Kwa miezi ya kwanza niliishi kama mpangaji mwema. Kodi niliilipa tarehe ya kwanza ya kila mwezi, sikupiga kelele, wala sikuchelewa kurudi. Jioni nilipanda darini kulitazama jua likitua, nikapiga picha kwa simu na kuwapelekea rafiki zangu wa Kitui, nao wakanionea wivu. Ng'ambo ya kichochoro alikaa Mtaliani mmoja wa rika langu, ambaye kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta. Aliandika programu za kampuni iliyokuwa Ulaya, akazipeleka kwa njia ya intaneti, akalipwa pasipo kuonana na mwajiri wake. Watu wa namna hii wamekuwa wengi siku hizi. Huhama mji hata mji kama wafugaji, ila wao hufuata mtandao badala ya malisho. Moyoni mwangu nilimdharau kidogo. Nilijiambia: huyu ni mpita njia, mimi ni mwananchi.

Siku moja ya mwezi wa Machi alifariki mzee wa mtaa wetu, ambaye kila alasiri aliketi barazani na kunisalimu nilipotoka shule. Nilisikia sauti za watu kichochoroni. Nilipochungulia dirishani niliona jeneza likipita juu ya mabega, wanaume wakipokezana. Mezani palikuwa na madaftari arobaini ya kusahihisha. Nikajiambia kuwa mimi si wa dini yao, wala si wa mji wao, na kwenda kwangu kungekuwa kujitia pasiponihusu. Nikaketi, nikashika kalamu nyekundu.

Kesho yake Bibi aliniletea chai kama ilivyokuwa desturi yake. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Mwalimu, jana hukuwako?"

Nikamjibu kuwa nilikuwako, ila nilikuwa na kazi.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Yule kijana Mtaliani alikuja. Alisimama mbali kidogo, hakujua la kufanya, lakini alikuja."

Maneno hayo yalinichoma kuliko tusi. Ukambani mtu hapitwi na mazishi ya jirani kwa kisingizio cha kazi. Majembe huwekwa chini na vyungu huepuliwa jikoni. Mimi niliyekulia katika ada hiyo nilikuwa nimeiacha ng'ambo, Mokowe, kama mzigo uliozidi uzito wa mashua.

Jioni ile nilimwendea Mtaliani nikamwuliza kwa nini alikwenda. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kujifunza kuwa nyanya yake alizaliwa Venice, mji wa kale wa Italia, ambao kama Lamu umezungukwa na maji na hauna magari. Mwaka 1951 wakazi wa mji ule wa kale walikuwa kiasi cha watu 175,000. Mwaka 2022 walipungua hata wakawa chini ya 50,000. Majumba yapo, makanisa yapo, na watalii huja kwa mamilioni. Lakini usiku madirisha mengi hayana taa. "Hakuna aliyetufukuza," alisema. "Familia moja iliuza, kisha ya pili, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Kuta zimebaki, majirani wameondoka." Akanyamaza, kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Na mimi hapa nalipa kodi ambayo jirani yangu hawezi kuilipa. Nalijua hilo. Basi angalau niende mazikoni."

Jumamosi iliyofuata nilitembea kwa miguu hata Shela, kijiji kilicho kusini ya mji, penye vilima virefu vya mchanga mweupe. Huko ndiko viliko visima viunywesheavyo mji wa Lamu. Mvua ikinyesha huzama mchangani, ikachujwa, ikatulia chini kama maji matamu juu ya maji ya chumvi. Mchanga ukiondolewa, au ukijengewa majumba ovyo juu yake, maji yale huwa hatarini. Nilisimama pale nikajiona kama niliye katikati ya mto wa kwetu. Mji wenye kusifiwa na dunia nzima ulikuwa unakunywa maji ya mchangani, sawasawa na mama yangu.

Ndipo nilipofahamu. Dunia huzisifu kuta za mji wa kale, na kuta zastahili sifa. Walakini ukuta usio na mchanga nyuma yake hauhifadhi hata tone. Mchanga wa mji ni watu wake na wajibu walio nao wao kwa wao: salamu za barazani, zamu za kubeba jeneza, kata ya maji iliyoachwa kwa ajili ya mwingine. Mtu akiingia mjini akachukua uzuri wake na kuacha kodi tu, hatofautiani sana na lori lililoteremka mtoni.

Nilirudi nikamwambia Bibi, "Nipe jembe." Alicheka, akasema kuwa kichochoroni hamna shamba. Lakini toka juma lile watoto wa mtaa walianza kuja kwangu kila siku baada ya magharibi, tukasoma hesabu na Kiingereza katika daka la nyumba, na palipotokea msiba nilitoka kama wengine. Bibi alinikumbusha kuwa mji wao ulikwisha kupata mgeni mwalimu hapo zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh alitoka Ngazija akakaa Lamu, akawafundisha wanyonge waliodharauliwa na wakuu wa mji. Na msikiti wa Riyadha aliouanzisha umekuwa fahari ya Lamu hata leo. Sithubutu kujilinganisha naye. Nasema tu kuwa mji ule ulikwisha kuonyesha kwamba mgeni aweza kuwa wa nyumbani kwa kazi yake.

Mwezi wa Julai mwaka 2023, alfajiri, simu iliniletea habari ya kifo cha baba. Sikumbuki nilimwambia nani kwanza. Nakumbuka kuwa jua lilipochomoza ngazi ya nyumba ilikuwa imejaa watu. Kina mama walinifungia chakula cha njiani. Wanaume walikusanya fedha wakazitia katika bahasha. Nahodha alileta mashua, akakataa nauli. Yule Mtaliani alinichukulia mfuko wangu hata gatini. Na watu wawili wa mtaa, mmoja seremala na mmoja mvuvi, walisafiri pamoja nami mpaka Makueni, safari ambayo hawakupata kuifanya maishani mwao.

Siku ya mazishi walisimama mbali kidogo na kaburi. Hawakujua la kufanya, lakini walikuja.

Baada ya mazishi mama aliwachukua mtoni kuwaonyesha kisima. Walitazama mchanga mkavu wakastaajabu kuwa tunaishi. Mama akachimba, maji yakajikusanya, akawapa kibuyu. Mvuvi akanywa, akamtazama mwenzake, akasema, "Kama Shela."

Niliondoka Lamu mwishoni mwa mwaka 2024, nikarudi kufundisha Kitui. Wakati huo wana wa Bibi walikuwa wameletewa bei ya nyumba na mnunuzi wa ng'ambo, bei ambayo mshahara wangu wa miaka mingi usingeifikia. Bibi hakuwa amekubali, wala hakuwa amekataa. Paa lilivuja, na fundi wa chokaa si rahisi. Akiuza, sina haki ya kumlaumu. Kumsifia mtu nyumba yake ni kazi nyepesi, kuitengeneza ndiyo nzito. Namwombea tu kuwa atakayekuja, awe wa karibu au wa mbali, aje na bega la kutia chini ya jeneza.

Wanafunzi wapendwa, wengi wenu hamtazeekea mahali mlipozaliwa. Mtakwenda Nairobi na Mombasa. Wengine mtakwenda nchi za Ghuba au Ulaya. Na wengine mtachukua kazi yenu ndani ya kompyuta na kukaa popote mpendapo. Mkifika, ulizeni bei ya chumba, maana ni lazima. Ulizeni maji yatoka wapi. Kisha ulizeni jembe liko wapi.

Majuzi niliifundisha tena methali ile ya mgeni. Safari hii sikuieleza, bali niliuliza darasa kwa nini mgeni hupewa jembe siku ya tatu, wala si siku ya kwanza. Palikuwa kimya. Mwishowe msichana mmoja wa dawati la nyuma akasimama akajibu: "Kwa sababu, Mwalimu, mtu hampi mpita njia jembe lake."

Nilimpa alama zote.