Kidatu, Mahali Maji Yanapozungusha Umeme

Ukitoka Mikumi kwa barabara ya Ifakara, milima ya Udzungwa huwa kulia kwako. Ukifika Kidatu unavuka Mto Ruaha Mkuu. Huko juu mto umezibwa kwa bwawa. Maji huingia katika handaki, hushuka kwa nguvu na kuzungusha mitambo 4. Mpita njia haioni, kwa sababu imo ndani ya mlima. Umeme ulianza kutoka hapa mwaka 1975. Uwezo wake ni megawati 204.

Maji yenyewe si umeme. Tazama dinamo ya baiskeli. Gurudumu likizunguka, sumaku huzunguka karibu na waya wa shaba. Hapo umeme husukumwa ndani ya waya. Msukumo huo hupimwa kwa volti. Ukikanyaga pole, taa hufifia. Ukikaza mwendo, taa hung'aa. Dinamo hiyo hutoa kama volti 6. Mitambo ya Kidatu hufanya kazi hiyo hiyo, ila ni mikubwa mno.

Karibu na hapo kuna kiwanda cha sukari. Huko huchoma makapi ya miwa, maji yachemke, mvuke uzungushe mtambo. Kumbe kinachobadilika ni msukumaji tu!

Sola iliyo juu ya paa la duka haina gurudumu. Mwanga wa jua hupiga vipande vyake, na kila kipande hutoa kama nusu volti. Vikiungwa vingi, redio husema. Betri ya tochi hutumia dawa zilizomo ndani yake. Hiyo ni volti 1 na nusu.

Mzee mmoja mkulima wa mpunga aliniuliza, "Mwanangu, waya hizi zinapita juu ya shamba langu. Mimi miaka yote nawasha kibatari. Kwa nini wasinikatie kidogo hapa?"

Nilimweleza kuwa waya zile zina volti 220,000, ili umeme usipotee njiani. Nyumba yataka volti 230. Lazima kwanza ushushwe kwa transfoma, nazo ni ghali. Tena umeme wa waya zile huweza kuruka na kuua hata asiyezigusa. Usipande nguzo zake, wala usijenge chini yake.

Jibu hilo halikumfurahisha mzee. Hata mimi halikunifurahisha.

Niliporudi safari ya pili, nilikuta nguzo mbili za mti zimesimikwa karibu na nyumba yake. Waya zilikuwa bado.