Pembe za Shamba la Kanisa



Mimi ni mwalimu mzee, na walimu wazee hupenda kuonyesha makosa ya wengine kuliko kuungama ya kwao. Lakini mwezi huu nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe, maana kwa kosa hilo nalijifunza neno moja juu ya mboga na juu ya maskini, ambalo sikulijua miaka yote niliyosimama mbele ya darasa.

Kanisa letu liko upande wa Korogwe, chini ya milima ya Usambara, na ng'ambo ya barabara ni mashamba ya mkonge. Mmea huu uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kwa hiyo michache yakatoka mashamba makubwa tunayoyaona. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, wala hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyotushinda. Kisha kamba za viwandani zikaenea, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka msitu. Mwisho wa miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata tani 40,000.

Mkonge ulipokwisha, watu hawakwisha. Wakata mkonge waliletwa kutoka mbali: Kigoma, Songea, na nchi za Ruanda na Urundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Wengi walizeeka kambini, wakawasahau ndugu zao, na ndugu zao wakawasahau. Tafadhali, msomaji, angalia jambo hili. Mtu wa kijijini akiwa maskini, walau ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake, naye hukosa vyote asikose majani ya kunde. Mzee wa kambini amezungukwa na ardhi pande zote, lakini hana mahali pa kupanda hata shina moja la mchicha, maana nyumba si yake wala ardhi si yake. Basi hula ugali kwa chumvi, na siku ya bahati hula kwa dagaa.

Mwaka 2016 mchungaji wetu alisimama nje ya kanisa baada ya ibada, akatutazama sisi wazee wa kanisa, akauliza, "Majani haya ya kiwanjani, nani anayala?" Kiwanja chetu chapata nusu eka, nasi twalikuwa tukimlipa kijana kuyafyeka kila mwezi. Hapana aliyejibu. Juma lile lile kina mama wakaja na majembe, wakapiga matuta, wakaleta samadi ya mbuzi na majivu ya jikoni. Twalipanda mchicha, mnafu, matembele, bamia na ngogwe. Mchicha una haraka. Haukupita mwezi, twalikuwa na mboga.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na werevu wangu. Nalisema kwamba kazi ya Mungu yataka utaratibu. Nikanunua daftari, nikapita kambini nyumba kwa nyumba, nikaandika majina ya wajane, wagonjwa na wazee, majina ishirini na matatu. Kila Jumapili, matangazo yakiisha, nalisimama penye mlango wa kanisa karibu na meza ya mboga, nikasoma majina kwa sauti, na kila aliyeitwa akaja kupokea fungu lake. Nalitia alama ya kalamu mbele ya kila jina. Nalijiona nimefanana na wale saba waliochaguliwa kuhudumia meza katika Matendo ya Mitume.

Hata Jumapili ya tano, nalisoma jina la bibi mmoja, mjane wa mkata mkonge, pasiwe na mtu wa kuitika. Jumapili ya sita hakuja, wala ya saba. Nalidhani ni mgonjwa. Nikalichukua fungu lake, nikaenda kambini.

Nalimkuta ameketi kizingitini akisuka ukili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Nikamwuliza kama ni mgonjwa, akasema hapana. Nikamwuliza kama yuko mtu aliyemkosea. Akanyamaza kitambo, mikono yake ikiendelea na ukili. Kisha akasema, "Mwalimu, marehemu mume wangu alikata mkonge miaka ishirini na minane. Kila alfajiri mnyapara alisoma namba yake, naye akaitika. Kanisa lilikuwa mahali pa kwanza walipotuita kwa majina yetu ya ubatizo, nami nalilipenda jina langu. Sasa wewe umelitia katika daftari. Walisoma mlangoni baada ya tangazo la mbuzi aliyepotea, na watu wote hugeuka wanitazame nikipokea mchicha. Mboga zenu ni njema, mwanangu. Lakini jina langu nirudishie."

Ndugu zangu, sikuwa na la kusema. Nalirudi na lile fungu mkononi, nalo likanyauka njiani.

Usiku ule nalifungua Mambo ya Walawi, mlango wa 19, maneno ambayo nimeyafundisha mara nyingi. Mle Mungu anamwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota masazo, bali awaachie maskini na mgeni. Nalisoma polepole, nikaona jambo ambalo halijanipata moyoni kabla ya siku ile. Amri yote yaelekea kwa mwenye shamba. Maskini hakuamriwa neno. Hakuambiwa aje kujiandikisha, wala aeleze taabu yake, wala asimame apokee mbele ya watu. Hakuambiwa hata kushukuru. Huja mwenyewe, huvuna kwa mkono wake mwenyewe, hurudi kwake na chakula alichokifanyia kazi. Na katika kitabu cha Ruthu, Boazi aliwakataza vijana wake wasimtie haya yule mwanamke mgeni, tena akawaagiza wamwangushie masuke kwa makusudi, ili ayaokote kana kwamba yameanguka yenyewe. Boazi hakuwa na daftari.

Katika baraza la wazee nalisimama nikaungama, nikaomba tuache pembe za bustani yetu. Maneno yakawa mengi. Mzee mmoja akasema, "Mkiondoa ua, wezi ndio watakaochuma." Mwingine akasema kwamba watu wenye mashamba yao watakuja kujilia bure. Mchungaji akawasikiliza wote, kisha akasema kwamba mwenye shamba katika Walawi naye alikuwa na majirani wezi, na Mungu alilijua hilo alipotoa amri. Basi tukakubaliana. Matuta manne yaliyo kando ya njia hayatakuwa na ua. Mpita njia yeyote mwenye haja achume wakati wowote, asiulizwe. Na yeyote wa kambini anayetaka kulima apewe tuta lake mwenyewe. Daftari nikalitia katika sanduku, na mpaka leo halijatoka.

Sitawaficha yaliyofuata. Juma la pili tuliamka tukakuta matuta mawili ya njiani yameng'olewa yote usiku, mizizi na vyote. Hatukumjua aliyefanya. Wale wazee walinitazama, wala hawakusema, na hilo lilikuwa zito kuliko kama wangalisema. Twalipanda tena.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nalimwona yule bibi ameketi juu ya jiwe kando ya matuta yale, kisu kidogo mkononi. Alikuwa amepewa tuta lake nyuma ya kanisa, naye alikuja kulipalilia mapema. Alipokuja mtu kuchuma na kushika shina ili aling'oe, Bibi alimwambia kwa upole, "Usiing'oe, mwanangu. Kata hapa juu, uache shina na majani machache. Baada ya siku chache litachipuka, na wewe utarudi, na mwenzio atapata." Ukweli ndio huo: mchicha uking'olewa huliwa mara moja, lakini ukikatwa huchipuka matawi pembeni, nao huchumwa tena na tena mpaka utoe maua. Mwizi hatukumkamata, ila tangu siku zile matuta hayakung'olewa tena. Labda naye alikuwa mmoja wa waliofundishwa kukata.

Msinifahamu vibaya. Bustani ya nusu eka haikuondoa umaskini wa kambi. Unga hununuliwa bado, na ardhi bado si ya wale wazee. Mboga si chakula kizima, lakini chakula kisicho na mboga si kizima pia. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima ale gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, kwa uchache. Majani ya kijani kibichi na viazi vitamu vya rangi ya machungwa hutupa vitamini A, ambayo mtoto akiikosa sana aweza kupofuka. Mwaka 2016 bwana Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, naye kazi yake ilikuwa viazi hivyo. Twaviweka sasa katika matuta yetu. Mzizi huliwa na majani ndiyo matembele.

Nalidhani haja ya bustani ya kanisa ni yetu sisi tu, watu wa kambi za mkonge, hata niliposoma habari za mji wa Baltimore, Marekani. Mchungaji Heber Brown wa kanisa la Pleasant Hope Baptist alikuwa akiwazuru washirika wake hospitalini, akaona wengi wanaugua kwa sababu ya chakula kibaya, na mboga nzuri za sokoni ziliwashinda kwa bei. Mwaka 2010 yeye na washirika wake wakalima mbele ya kanisa, mahali padogo pa futi za mraba zipatazo 1,500. Mwaka 2015 palikuwa na ghasia mjini baada ya kijana Freddie Gray kufa mikononi mwa polisi. Maduka yakafungwa, watu wakakosa chakula. Mchungaji yule alikuwa tayari na bustani, tena anajuana na wakulima weusi, akaleta mazao yao makanisani. Kutoka hapo ukatokea umoja wa makanisa mengi yanayolima viwanja vyao na kununua kwa wakulima wao wenyewe. Nikaona kwamba mji tajiri na kambi ya mkonge vyafanana kwa hili: mtu asiye na ardhi hula anachoachiwa. Na makanisa karibu yote yana ardhi.

Basi, ninyi walimu na wazee wa kanisa, nawashauri haya machache. Kitazameni kiwanja chenu. Hata ukanda wa hatua ishirini watosha kuanza. Pandeni mboga ambazo watu wa mahali penu wanazijua kupika. Wakati wa kiangazi maji ya kunawia mikono shuleni yatiwe katika matuta. Kwa mzee asiyeweza kuinama, jazeni gunia udongo na samadi, katikati mpange mawe kama nguzo ili maji yashuke mpaka chini, kisha toboeni matundu ubavuni na kupandikiza miche humo. Atachuma akiwa ameketi. Na zaidi ya yote, acheni pembe. Msimwulize mchumaji jina lake.

Nimalizie habari ya yule bibi. Mwaka wa pili wa bustani, siku ya Sikukuu ya Mavuno, washirika walileta matoleo yao mbele ya madhabahu: mahindi, ndizi, kuku, mayai. Ni desturi yetu kuyasoma majina ya walioleta, na kazi hiyo ni yangu. Nilipofika katikati ya orodha nalisita, maana nalikuta jina lake, na mbele yake pameandikwa: mafungu mawili ya mnafu. Nalimtafuta kwa macho. Alikuwa ameketi benchi la tatu, amevaa kitenge kipya, akinitazama. Nikalisoma jina lake la ubatizo kwa sauti, sawasawa na nilivyosoma jina la mwenye kutoa ndama.

Mlangoni alinipa mkono, akasema, "Leo umesoma vizuri, Mwalimu."

Ameshalala katika Bwana, na tuta lake limepewa mwingine. Mnafu wake ulijiotea wenyewe kwa mbegu zilizoanguka, ukavuka mpaka penye matuta ya njiani. Watu huuchuma kila asubuhi, wala hawajui ni wa nani.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.

Mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mzee wa Korogwe