Bura Mbili, Mto Mmoja

Watu wa mwambao tunapopata siku tatu za mapumziko, aghalabu nyuso zetu huelekea baharini. Aliye Mombasa huenda Lamu, aliye Lamu huteremka Mombasa, na mwenye uwezo huvuka hadi Unguja. Barabara ya Garissa tumewaachia madereva wa mabasi, wafanyabiashara wa mifugo na askari. Wengine wetu twaijua kwa habari zake mbaya tu. Hata hivyo, maji yanayomwagika katika bahari yetu pale Kipini, karibu na Ozi ambako mapokeo yanamweka Fumo Liyongo, yanatoka huko huko. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, huanzia katika safu ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri kiasi cha kilomita 1,000 kabla ya kukutana na chumvi. Kuufuata kwenda juu ni kuwazuru jirani ambao tumewapa mgongo muda mrefu.

Basi sikukuu ya Mashujaa ilipoangukia Jumatatu, tuliondoka Malindi Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, watu wanne katika gari moja: mwalimu mstaafu, fundi wa magari, muuza vitambaa, na mimi niandikaye. Tuliuvuka mto Sabaki, tukaipita Mambrui, kisha mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yaliyokuwa yakimeta kama vioo. Baada ya hapo nchi ikabadilika. Minazi ilipungua hata ikatoweka, na mahali pake pakashikwa na mikoma, migunga na vichuguu virefu kama minara. Katika njia panda ya Minjila barabara ya Lamu ilichepuka kulia, nasi tukashika ya kaskazini, mto ukiwa upande wetu wa kuume, ukijulikana kwa ule mstari wa miti mibichi katika nchi kavu.

Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza. Tulipokuwa tukila, mwalimu alitukumbusha kwamba katika mji huu palikuwa na kambi ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa vita vya Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 waliokataa kazi ya shokoa ya kuchimba mifereji walipigwa na walinzi, na watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya wao kunywa maji yaliyoletwa kwa gari. Uchunguzi uliufichua ukweli, na mwezi wa Julai jambo hilo likalitikisa Bunge la London, ambako Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa kikitawala, alisimama kulilaumu. Tuliisoma sikukuu yetu upya: tulikuwa tumekuja kupumzika kwa jina la mashujaa, na hapo mifereji waliyokataa kuichimba ilikuwa karibu nasi.

Kati ya Hola na Bura tulisimama kivulini kidogo, na mwiba wa mathenge ukalitoboa gurudumu. Fundi wetu akalibadilisha pasipo kunung'unika. Kijana wa Kiorma aliyekuwa akichunga ng'ombe alitujia, akatoa salamu, na swali lake la kwanza halikuwa tumetoka wapi, bali kama tuna maji. Tulikuwa nayo. Akanywa kidogo, akashukuru, akamsaidia fundi kukaza nati.

Huo mathenge nao una kisa chake. Uliletwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili wakulima wa skimu mpya ya kilimo wapate kuni bila ya kuumaliza msitu wa mtoni. Nia ilikuwa njema. Lakini mti huo haukukaa ulipopandwa. Umeziba mifereji na mashamba, na maganda yake matamu huyaozesha meno ya mbuzi wanaoyala sana.

Skimu yenyewe, iliyoanzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikusudiwa kumwagilia hekta 6,700. Walowezi wa kwanza walifika mwaka 1981 kutoka sehemu nyingi za Kenya, wakapewa vijiji na mashamba ya pamba. Eneo lililolimwa halikufika nusu ya lile lililokusudiwa. Maji yalikuwa yakivutwa kwa pampu zilizokunywa dizeli nyingi na kuharibika mara kwa mara, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 kilimo kikaporomoka, na watu waliokuwa wameacha kwao wakabaki na nyumba bila ya maji. Baadaye serikali iliirudia kazi hiyo, ikaamua pia kuchimba mfereji wa kuyaleta maji kwa mteremko pasipo pampu. Sisi tulipopita tuliona mahindi yamesimama vizuri upande mmoja wa njia, na upande wa pili vumbi tupu. Kilichotenganisha njaa na shibe kilikuwa mfereji ambao mtoto angeuruka.

Jumapili asubuhi tuliliacha gari Bura ya magharibi, iliyo katika Kaunti ya Tana River, tukauvuka mto kwa mtumbwi kwenda Bura ya mashariki, iliyo Fafi katika Kaunti ya Garissa. Jina ni moja, kaunti ni mbili, na katikati ni maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee wa Kipokomo. Hao ndio watu ambao wimbo wa mama zao wa kubembelezea watoto uliipa Kenya sauti ya wimbo wake wa taifa.

"Shikamoo, ami," mwalimu alimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mwatoka pwani? Kaeni kati, msining'inize mikono. Mamba yupo."

Katikati ya mto alituonyesha pengo katika miti ya ukingoni, ardhi yake ikiwa imekanyagwa hata kuwa ngumu. "Ile ni malka," alisema. "Ndiyo njia ya mifugo kunywa maji. Mkulima halimi pale, na mfugaji hatoki pale kuingia shambani. Malka ikifungwa, ng'ombe hatarudi kwao na kiu. Atapita kwenye mahindi yangu."

Ng'ambo tulikaribishwa na wenyeji wa Kisomali chini ya mti, tukapewa anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Muuza vitambaa, ambaye jamaa zake walimsihi asije, ndiye aliyechelewa kuinuka. Mzee mmoja wa pale, bila ya kujua tuliyoambiwa mtoni, alitueleza mambo yale yale kutoka upande wa pili: wao hawana haja na shamba la mtu, bali na njia ya kuyafikia maji wakati wa kiangazi. Ndizi na maembe huvuka kuja kwao, maziwa na nyama huvuka kwenda kule, na malka ikiwa wazi, mambo huenda hivyo.

Ikifungwa, twajua yanayotokea. Kuanzia Agosti 2012, chini huko karibu na mdomo wa mto, Wapokomo na Waorma waliuana hata waliokufa wakapita mia moja, na ugomvi wa malisho na maji ulikuwamo ndani yake. Dini yetu inatufundisha kuwa maji na malisho ni vitu vya ushirika. Tana ndipo mahali ambapo fundisho hilo hupimwa kila kiangazi, na wanaolipima si wanavyuoni bali ni mvulana mwenye fimbo na mzee mwenye jembe. Wakipatana, wilaya nzima hulala salama.

Kwa ndugu wasomaji watakaopenda kuifuata njia hii: sisemi kwamba haina hatari. Ulizeni hali ya usalama kabla ya kuondoka, chukueni vitambulisho kwa ajili ya vizuizi vya polisi, na msisafiri usiku. Epukeni miezi ya mvua, kwani mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliikata barabara hii, na magari yakakwama siku nyingi. Beba gurudumu la akiba, na fundi ikiwa unaye rafiki fundi. Na maji, pakia madumu mawili. La kwanza ni lenu. La pili ni la yule atakayetoka vichakani, akatoa salamu, na kuuliza kama mnayo.