Picha ya Mgongo

Kwetu Kipungani wanawake husuka ukili, na wanaume wengi wa rika langu walikulia kwenye mikoko. Nilianza kumfuata ami yangu kukata boriti nikiwa na miaka 14. Tulikuwa tukitoka na maji ya alfajiri, tukikata mpaka jua la utosi, kisha tukibeba boriti mabegani kwenye tope la magotini hadi ilipo mashua. Zilihesabiwa kwa korija, 20 kwa 20, na kijana aliyebeba nyingi alisifiwa.

Mwaka 1998 kiuno kilinikamata. Nilishindwa hata kuinama kutawadha miguu. Nikapelekwa Mombasa, kwenye kliniki moja ya watu binafsi, nikapigwa eksrei. Aliyenisomea majibu hakuinua macho. "Una spina bifida. Mfupa wako haukufunga tangu tumboni mwa mamako. Usibebe kitu kizito maisha yako yote." Akaniandikia mkanda wa kiuno, nikalipa, nikatoka na picha yangu ndani ya bahasha.

Kijijini ugonjwa huo, mgongo wazi, tuliujua kwa sura moja tu: mtoto anayezaliwa na mfuko wa maji mgongoni, miguu imelala, na mara nyingi haishi. Basi watu wakanitazama kama mtu aliyeponea kifo na bado anadaiwa. Posa yangu ilirudishwa kwa adabu. Wazee wa upande wa pili waliuliza kama watoto wangu nao watazaliwa hivyo. Lililoniuma zaidi ni mama. Alikuwa akisuka ukili huku akiirudia mimba yangu mwezi baada ya mwezi: alikula nini, alibeba nini, alianguka wapi. Kwa miaka 3 kazi yangu ikawa kupeleka mikeka na vikapu vyake Lamu kuuza.

Huko Lamu ndiko nilikokutana na daktari aliyeitoa ile picha kwenye bahasha na kuielekeza dirishani. Aliniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Miguu inakufa ganzi? Mkojo unakutoka bila kujua? Mguu mmoja ni mwembamba kuliko mwingine? Akanigeuza, akapapasa ngozi juu ya mfupa wa makalio. Kisha akakaa.

"Ndugu yangu," akasema, "katika watu 10, mmoja au wawili wana ufa kama huu, na wengi watazikwa bila kuujua." Akanionyesha: ufa wangu ulikuwa chini kabisa, pale pingili za kiuno zinapokutana na mfupa wa makalio. Uti wenyewe wa neva huishia juu zaidi, kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Hakuna kilichochungulia kwenye ufa ule, hakuna kilichobanwa. Neno lililofuata kwenye karatasi yangu, ambalo yule wa Mombasa hakulisoma, lilikuwa "okulta", yaani iliyofichika. "Kilichokuumiza ni boriti," akaniambia.

Nilirudi na mashua ya jioni. Mama aliposikia aliweka ukili chini, akalia.

Yule daktari alikuwa ameongeza jambo, nami nashukuru sikulisahau. Ufa wa mfupa peke yake, alisema, si ugonjwa; lakini ngozi iliyo juu yake ikiwa na alama, hiyo ni habari nyingine. Miaka kadhaa baadaye mpwa wangu alizaliwa na kishungi cha nywele chini ya kiuno, laini kama singa za mahindi. Wazee wakasema ni alama ya baraka. Akatembea, akakimbia. Alipofika miaka 6, akiwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza tena, hata mchana, madrasani mbele ya wenzake. Ndara ya mguu wa kushoto ikawa inamvuka kila mara. Tukazilinganisha nyayo zake: wa kushoto ulikuwa mdogo.

Tulizunguka sana mpaka akapata kipimo cha MRI, kisha tukafika hospitali ya Kijabe, ambako watoto wenye mgongo wazi kutoka pembe nyingi za Kenya wamekuwa wakipasuliwa kwa miaka mingi. Uti wake ulikuwa umeshikwa chini na uvimbe wa mafuta. Sisi watu wa pwani jambo hili hatuhitaji kuchorewa. Ifunge mashua kwa amari fupi maji yakiwa yametoka, halafu uyaache yajae. Mtoto anakua, mgongo unarefuka, na uti uliofungwa unavutwa mpaka neva za miguu na kibofu zinaumia.

Alipasuliwa, amari ikalegezwa. Mkojo ulitulia. Mguu haukurudi sawa, na tuliambiwa wazi kwamba upasuaji huzuia madhara kuendelea kuliko unavyorudisha kilichopotea.

Karatasi zetu mbili zilibeba jina moja, spina bifida. Mimi niliyekuwa mzima niliogopeshwa miaka 3. Yeye aliyehitaji daktari tulimwita mwenye baraka miaka 6. Hilo bado linanichoma.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayelea: unapomwogesha mtoto, mgeuze. Ukiona pale chini ya kiuno, juu ya mfereji wa makalio, nywele nyingi, kishimo kirefu, uvimbe laini au doa jekundu, usingoje mguu upinde. Mpeleke, na uombe uti wake utazamwe.