Wimbo wa Mtoni Umepigishwa Gwaride

Nani kaamua kila wimbo lazima upige gwaride? Juzi, shuleni kwa mwanangu hapa London mashariki, ambako majirani wengi asili yao Sylhet, Bangladesh, bendi ya kupuliza ilituletea bhatiyali, wimbo wa wapiga kasia wa Bengal. Wimbo ule huvutwa kwa pumzi ndefu, hauhimizwi na ngoma. Mashua inateremka na maji, haraka ya nini? Mpangaji kaukatakata mapigo manne manne, kawapa klarineti mahadhi, kajaza chodi kila palipokuwa na upenyo, na mwisho matoazi, pwaa! Jirani yangu Mbengali alipiga makofi ya adabu.

Watoto hawana kosa, walipuliza safi. Kila mmoja na karatasi yake. Saksafoni ya alto na tarumbeta hazisomi noti sawa, lakini zikilia zinakutana.

Kwetu je? Mjomba alipuliza tromboni kwenye beni ya harusi kule Ng'ambo, Zanzibar, noti hajui hata moja. Taarab mpya ikitoka redioni asubuhi, jioni iko barabarani mbele ya bibi harusi, na pale mwimbaji alipoteleza, tromboni nayo inateleza. Si ndiyo kazi yake? Ila mwambie aziandike nyimbo hizo: "Niandike, mimi karani?" Wenziwe wengi wametangulia, wamekwenda nazo. Hapo hawa wa karatasi wananishinda, nakubali shingo upande.

Tena karatasi yenyewe haina ubaya. Percy Grainger, Mwaustralia, alizunguka Lincolnshire na mashine ya kunasa sauti akiwasikiliza wazee wakiimba. Mwaka 1937 akatoa Lincolnshire Posy kwa bendi kama hizi hizi, na kuna mahali noti kaziacha bila kuzifunga mapigo, kondakta ajiendee. Basi wazee wa Lincolnshire waachiwe pumzi, mpiga kasia wa mto Meghna apigishwe gwaride?

Nimemtuma mwanangu kwa mwalimu wake: ubeti wa kwanza saksafoni moja tu, tyuba ishike noti moja chini, ngoma zinyamaze. Waimbaji wa Baul, wa huko huko Bengal, wana ektara, chombo cha uzi mmoja, na unawatosha.

Mwalimu kanijibu kwamba wapiga ngoma wako sita, na wazazi wao wote huja.